Boksi Nililoliacha Mlangoni kwa Bibi Yako

Mama,

Salamu nitaziruka, maana tumetoka kusalimiana na kutaniana jikoni sasa hivi, wewe ukikunja nguo na mama yako akikumwagia maagizo. Amekwambia yote. Usimfungulie mtu mlango kabla hujaijua sauti yake, usile chakula cha stesheni, umsikilize mke wa mjomba wako hata akiwa amekosea, Jumapili uende kanisani. Mimi sina cha kuongeza hapo, na hata ningekuwa nacho asingeniachia upenyo. Kwa hiyo nimejitenga huku chumbani na karatasi, mimi ambaye kuandika kwangu ni kuandika majina ya watu juu ya maboksi. Utanivumilia mwandiko.

Unajua kwa nini nakuita Mama. Jina lako ni la bibi yako mzaa mama, na kwetu Wakonongo jina la mkwe halitamkwi. Tangu uzaliwe sijakuita kwa jina lako, hata nilipokuwa nakugombeza. Unakumbuka siku niliyokuja shuleni kukuulizia, mwalimu akaniuliza mtoto wako ni nani, nikabaki nakuelezea tu kwamba ni mweusi, mrefu, ana kovu kwenye kidevu? Ulitoka darasani umejiinamia kwa aibu, na njia nzima hukunisemesha. Nilijiona mtu wa heshima kubwa sana siku ile. Hiyo heshima ndiyo imenifanya nikae hapa na kalamu, kwa sababu nilijificha ndani yake miaka mingi.

Barua hii imeanzia kwenye kicheko. Juzi tukiwa tunakula nilikutahadharisha kuhusu Mwanza. Mjomba wako anasema tangu biashara ilipoachiwa watu binafsi, mizigo inayoshuka kwenye mabasi ni mingi mpaka mingine inalala nje, na kazi atakayokupa ni kuvichukua vifurushi na kuvifikisha madukani na majumbani kwa watu. Nami Mwanza naijua kidogo. Kule nyumba zimepanda juu ya mawe, ngazi nyingine zimechongwa kwenye jiwe lenyewe, na mvua ikinyesha jiwe linakuwa kama limepakwa mlenda. Nikakwambia, "Mama, kule uangalie unapokanyaga." Ukanijibu mdomo umejaa ugali, "Baba nawe! Mimi siyo bibi, siangukagi ovyo."

Wadogo zako wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote, nikajipigapiga mapajani. Mama yako peke yake hakucheka. Aliinuka akaenda kuangalia sufuria ambalo halikuwa hata motoni.

Hapa kwetu kuanguka kwa bibi ni utani wa nyumba nzima. Mtoto akimwaga maji anaambiwa ameanza ubibi. Kikombe kikivunjika, "bibi kapita hapa." Nimejaribu kukumbuka nani aliyeuanzisha utani huo, na kila nikiurudisha nyuma unaishia kwangu. Nadhani niliuanzisha makusudi, ingawa wakati ule nisingekubali. Watu wakishazoea kwamba mwanamke yule ni wa kuangukaanguka tu, nani atauliza siku ile aliangushwa na nini?

Kesho unapanda treni na hilo kichwani, kwamba bibi yako ni mtu asiyetazama mbele. Sitaki uondoke nalo. Naona haya kuliko nilivyowahi kuona, lakini afadhali unione mimi vibaya kuliko uendelee kumwona yeye hivyo.

Acha nianzie mbali kidogo. Mtu mwenye aibu haendi moja kwa moja.

Wewe umenikuta tayari nina baiskeli, keria ya chuma na mipira ya kufungia, na watu wananiita Baba Mizigo. Hukuniona nilipoanza. Nilianza kwa miguu, treni ikifika nachukua maboksi ya wenye maduka pale stesheni na kuyapeleka sokoni begani. Nilikuwa kijana, nilijiona chuma. Nilivaa kandambili zilizokwisha mpaka kisigino kinagusa chini, na kidole kimoja kimeshikiliwa na msumari. Asubuhi moja nikaingia kwenye baraza la duka moja la jumla, na mke wa mwenye duka ndiyo kwanza alikuwa ametoka kulipiga deki. Saruji nyekundu, imesuguliwa, inang'aa. Nilikuwa na madumu ya mafuta ya kupikia, moja kila mkono. Sikumbuki kuanguka kwenyewe, nakumbuka kuiona dari.

Watu walicheka, na mimi niliruka juu kama niliyekalia siafu, nikacheka kwa sauti kuliko wao, nikasema, "Sijaumia! Sijaumia!" Hakuna aliyeniuliza kama nimeumia. Mwenye duka alikuwa ametoka na tasbihi yake mkononi, akaziangalia kandambili zangu, akasema, "We bwana, hivyo siyo viatu, hivyo ni sabuni. Kaa chini kwanza." Nikakataa kukaa. Nikafikisha madumu, nikaondoka napiga mluzi. Kifundo cha mkono kilikuwa kimeteguka, kikavimba, na masika yote yale nilikuwa nabeba kwa mkono mmoja na kumwambia kila anayeuliza kwamba nimeumwa na nyuki.

Mama, ukianguka huko, na utaanguka, kaa hapo hapo chini. Waache wacheke, wakimaliza wataenda zao. Jiulize mguu, jiulize kiuno, jiulize mkono, halafu ndiyo uinuke. Mimi sijawahi kuweza. Kuanguka mbele za watu kunaniuma kuliko kuumia, na hiyo ndiyo kasoro yangu kubwa, utaiona inavyokuja.

Baada ya hapo nilinunua katambuga za tairi, zile zenye meno, nikazifunga kamba nyuma ya kisigino. Nilidhani nimemaliza masomo. Kumbe miguu ilikuwa bado haina macho. Nilipenda kubeba boksi juu ya boksi mpaka kidevuni, nisirudi mara ya pili, kwa sababu wapagazi wenzangu walikuwa wakimwita anayerudi mara mbili goigoi. Ukibeba hivyo huoni vidole vyako. Unatembea kwa kukumbuka tu njia, na njia haikai kama ulivyoiacha, mtu amepita akaacha ndoo, mtoto ameacha gari lake la mabua. Nilijikwaa mara nyingi sana nikiwa sina mkono wa kujishikia. Ikiwa kifurushi kinakuficha miguu, kipunguze. Wakuite goigoi. Mjomba wako atakuwa na haraka, mwenye duka atakuwa na haraka, lakini haraka yao haitakaa na wewe hospitali.

Nikaja nikapata baiskeli, nikaanza kwenda na vijijini, Litapunga kwa bibi yako na kwingine. Huko ndiko nilikojifunza kwamba ncha ya mpira ikiachwa inaning'inia itatafuta mnyororo, na kwamba ukishuka mteremko wa tope unashuka kwa miguu, baiskeli ukiishikilia pembeni. Nilijifunza kwa magoti. Una bahati, hutakuwa na baiskeli, ingawa najua utataka.

Sasa nimefika Litapunga, siwezi tena kuzunguka.

Ulikuwa unaanza kutambaa. Mjomba wako alikuwa ndiyo kwanza amepata kazi Mwanza, na akamtumia mama yake boksi kwa treni: blanketi, sabuni, sukari, na sufuria. Nikalifunga kwenye keria nikaenda. Mvua ilinikuta njiani, lakini nilikuwa na koti la mvua, lile la kijani ulilokuwa ukichezea kibanda na wadogo zako.

Umekua ukiniona ninavyokuwa kwa bibi yako, lakini sidhani kama umewahi kufikiria kwa nini. Mkwe wa kiume hampi mama mkwe mkono. Hali naye, hakai naye mkeka mmoja, wakikutana njiani mmoja anaiacha njia. Kwa hiyo mimi na yeye tulikuwa na utaratibu wetu. Nikifika napiga kengele ya baiskeli, naweka mzigo kwenye benchi lililoegemea ukuta wa mbele, naita, "Mama, mzigo umefika!" halafu nazunguka kona ya nyumba, nasimama nimeutazama ukuta. Yeye anatoka, anachukua, anarudi ndani, halafu tunasalimiana hivyo hivyo na ukuta katikati. Ananiuliza habari za mama yako, za shamba, za treni. Mara nyingine tulikuwa tunaongea mpaka jua linahama. Nakwambia kweli, tulipatana hivyo kuliko wakwe wengi wanaotazamana usoni.

Siku ile ukingo wa paa ulikuwa unavuja juu ya benchi. Boksi ni la karatasi. Kiwanja kizima ni tope, baraza limelowa, pakavu palikuwa mlangoni tu. Nikaliweka mlangoni, nusu yake juu ya kizingiti. Ilinijia nimwambie, "Mama, leo liko mlangoni." Maneno machache tu. Lakini maji yalikuwa yananiingia shingoni, na nilikuwa nawaza kijito cha njiani kisijae kabla sijarudi. Nikaita kama siku zote, "Mzigo umefika!" nikazunguka kona.

Nikamsikia anakuja. Ndani mlikuwa na giza na moshi wa jiko, na nje mwanga wa mvua, ule mweupe unaoumiza macho. Na macho yake, mwanangu, yalikuwa kwenye benchi, kwa sababu ndiko nilikomzoesha kutazama. Akasema, "Asante ba—"

Nikasikia sufuria likigonga ndani ya boksi. Halafu nikasikia yeye. Alianguka kupita baraza lote mpaka kwenye yale mawe yaliyopangwa chini ya michirizi.

Nikageuka. Alikuwa amelala ubavu, mguu mmoja umekaa upande ambao mguu haukai, na kitenge kimepanda juu ya goti. Nikageuka tena upesi nikautazama ukuta. Nikauuliza ukuta, "Mama, umeumia?"

"Mguu," akasema. "Mguu, baba. Siwezi."

Hapo ndipo wazee wanapolichukua tukio na kulisimulia. Wanasema mkwe akamwona mama mkwe katika hali ile, hakusogea, hakumgusa, akapanda baiskeli akaenda kuita wanawake. Ni kweli nilienda. Lakini wao hawajui nilichofanya kabla ya kwenda, na hicho ndicho nimeshindwa kumwambia mtu.

Boksi lilikuwa limelala upande pale mlangoni. Nikawaza, watu wakija watauliza nani kaliweka hapa. Nikapanda barazani, nikampita bibi yako kichwani, nikaliinua boksi. Nikalifuta tope kwa kiganja. Nikalipeleka kwenye benchi, nikaliweka vizuri pale pale panapovuja, mahali pake pa siku zote. Mikono hii iliyoshindwa kumwinua mtu kwa sababu ya heshima, boksi iliweza kuliinua.

Nilipogeuka alikuwa ananitazama. Ilikuwa mara ya kwanza mimi na mama mkwe wangu kuonana macho kwa macho. Nikashika baiskeli nikaondoka, na koti la mvua nikiwa nimelivaa.

Wanawake wengi walikuwa mashambani, wamejikinga mvua huko kwenye vibanda vyao. Nilichukua muda mrefu kuwapata, na mimi mwenyewe nilianguka na baiskeli njiani nikapoteza muda kuurudisha mnyororo. Tulipofika alikuwa pale pale, maji ya michirizi yanapita chini ya mgongo wake. Kitenge alikuwa ameshakivuta mwenyewe kufunika mguu. Sijui alikivuta vipi. Wakamweka kitandani, kitanda kikabebwa mpaka mjini hospitali, na mimi nilitembea mbele kabisa, mbali, ndivyo inavyotakiwa.

Mfupa uliunga vibaya. Mguu ule unaoujua, anaouvuta kama anafagia, ndiyo huo. Bibi yako alikuwa mtu wa kutoka Litapunga alfajiri na kikapu cha viazi vitamu, akauza sokoni Mpanda na kurudi kwake siku ile ile, anaimba. Hajafika tena kwa miguu yake. Mama yako alipowazaa wadogo zako hakuwa na mama wa kumkanda maji ya moto, alikandwa na majirani. Nilikuwa nikimsikia ndani akilia, na majirani wanasema ni maumivu ya uzazi.

Wazee wa upande wa mama yako walikaa. Mmoja wao akasema, "Huyu ndiye mkwe. Mwingine angemshika." Wakanipa jogoo kwa kushika adabu. Bibi yako akaulizwa ilikuwaje, akasema, "Niliteleza. Mvua." Mimi nilikuwepo, nyuma ya ukuta kama kawaida, na sikufungua mdomo. Jogoo akachinjwa, nikawekewa mapaja yote mawili, nikala. Nililamba na vidole, Mama. Nakuandikia hata hilo ili usije ukadhani nilikuwa nateseka sana wakati ule. Nilikuwa nimefurahi kwamba imepita.

Aibu ilikuja baadaye, na ilikuja kwa neno dogo. Sisi ni watu wa kusema pole. Mtu humjui, amejikwaa barabarani, unampa pole na kuendelea na safari yako. Nimempa pole fundi aliyejigonga nyundo, nimempa pole kondakta mwenye mafua, nimewahi kumpa pole mbuzi. Bibi yako sikuwahi kumpa. Kila mtu alipita pale akasema, "Pole, mama, pole na mguu," na mimi nikawa naruka hapo, naulizia mahindi. Nikiisema kama wanavyosema wengine, yeye atajua nadanganya. Nikiisema kwa maana yake, nimekiri. Basi nikaanza kupeleka mizigo upesi na kuondoka upesi, na yale maongezi yetu ya ukutani yakafa.

Ndiyo maana juzi, baada ya kicheko kile, chakula hakikupita. Jana nikamfuata mama yako alipokuwa anachambua maharage nyuma ya nyumba, nikamwambia yote kama nilivyokuandikia hapa. Aliendelea kuchambua. Nilipomaliza akasema, "Mimi ni mtoto wake. Unadhani hakuniambia?"

Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu yuko kitandani hospitali. Kaka yangu naye anajua. Sisi wote tunajua, baba watoto, ni wewe tu uliyedhani ni siri, na hawa watoto wako ndio hawajaambiwa."

"Na mbona mmenyamaza?"

"Tulikuwa tunakusubiri wewe." Akatupa kokoto. "Usinipe mimi mzigo ambao siyo wangu. Upeleke kwa mwenyewe."

Kwa hiyo leo mchana ulipouliza baba yuko wapi ukaambiwa amekwenda stesheni, haikuwa stesheni. Nilikwenda Litapunga na keria tupu. Njia nzima nilikuwa naomba nikute amelala, au ana wageni. Kufika, kiwanja kimefagiliwa, na nasikia anabangua karanga ndani, karibu na mlango. Nikaweka baiskeli, nikaenda kwenye kona yangu.

"Hodi, mama."

"Karibu, baba. Leo hukupiga kengele."

"Sina mzigo leo."

"Haya. Mjukuu wangu kashafunga nguo?"

"Anafunga."

Akaendelea na karanga zake. Mimi nilitazama ukuta ule. Kuna nyufa pale nazijua kuliko ninavyojua uso wake. Nikasema, "Mama, siku ile boksi nililiweka mlangoni."

Karanga zikanyamaza.

"Najua," akasema.

"Halafu nikalihamisha."

"Najua, baba. Nilikuwa nimelala pale pale."

Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia wazee. Akasema, "Ningesema, wangekuuliza. Mwanangu alikuwa na mtoto mgongoni, nikaona wasije wakamrudisha kwangu. Halafu nikasema moyoni, atakuja mwenyewe kesho. Kesho hukuja." Alisema hivyo bila kupandisha sauti, kama anayenieleza bei ya karanga. "Ukawa unakuja na mizigo tu, unaweka, huyo, umekwenda. Nikabaki naongea na kona."

Nikasema, "Pole, mama."

Nilingoja aseme asante, si ndivyo watu wanavyojibu. Hakusema. Kisha akaniuliza, "Koti je?"

"Koti gani, mama?"

"Ulikuwa na koti."

Mwanangu, boksi nililibeba moyoni miaka yote hii. Koti nilijidanganya kwamba hakuliona. Nikajibu, "Nilikuwa nalo."

"Nilisikia baridi sana siku ile," akasema.

Nililia pale ukutani. Sikulia kwa kujificha, kwa sababu ukuta ulikuwa unanificha tayari, na niliona nimeshafichwa vya kutosha. Sina maneno ya kukueleza zaidi ya hapo. Ukiwa huko Mwanza, mzigo ukiushusha, uweke mahali ambapo macho ya mwenyewe yatafika kabla ya miguu yake, na umwambie kwa mdomo uko wapi, hata kama umelowa, hata kama umechelewa. Na mtu akianguka kwa sababu yako, au hata siyo kwa sababu yako, acha vifurushi vilowe. Hayo mengine ya viatu na ngazi utayajua mwenyewe kwa siku chache, una akili za mama yako. Hili mimi lilinishinda, ndiyo maana naliandika.

Na utani ule uishe. Sitawaamuru wadogo zako, nitawaeleza kama nilivyokueleza wewe. Nitaanza na yule mkubwa.

Nilipomaliza kulia pale ukutani bibi yako akauliza, "Mjukuu wangu anajua?"

"Nitamwandikia leo, aende nayo kwenye treni."

"Mwandikie na koti."

"Nitaandika, mama."

Nikajua nimepewa ruhusa ya kuondoka. Nikajifuta uso, nikashika mpini wa baiskeli. Akaniita.

"Baba. Nimekaa muda mrefu, mguu umekufa ganzi, na binti anayenisaidiaga kuinuka kaenda kisimani. Zunguka huku mbele."

Nilisimama pale na baiskeli yangu. Nikamwambia, "Mama, nitakuinuaje?"

"Kwa mikono," akasema.

Nikailaza baiskeli chini, nikapita ile kona, nikaingia mlangoni. Alikuwa ameshaninyoshea mikono yote miwili. Nikainama nikamwinua.

Ni mimi, baba yako.